HARUFU MBAYA NDANI YA MOTOKAA: CHANZO CHAKE NA NJIA ZA KUIONDOA

Katika kaunti zetu za Garissa, Wajir na Mandera motokaa si chombo cha kupanda watu tu. Alfajiri hubeba mitungi ya maziwa ya ngamia kwenda sokoni, adhuhuri hubeba mbuzi kwenda mnadani, na usiku huenda ikabeba mgonjwa kwenda hospitali. Gari moja hufanya kazi ya magari manne, na kila mzigo huacha kitu chake nyuma. Kitu hicho kikikaa, huoza. Na kikioza, hunuka.

Wako wanaodhani kwamba harufu mbaya katika gari ni jambo la aibu tu, la kucheka na kulisahau. Sivyo. Harufu ni hasara. Maziwa hushika harufu upesi kuliko vyakula vingi, maana yana mafuta, na mafuta hunywa harufu kama kitambaa kinywavyo maji. Mama aliyekamua ngamia wake kwa usafi, akaosha vyombo vyake na kuvifukiza moshi kama alivyofundishwa na mama yake, anaweza kupoteza kazi yote hiyo kwa sababu maziwa yalisafiri saa nyingi katika gari linalonuka dizeli au mkojo wa mbuzi. Mnunuzi huyanusa, huyaonja, na huyakataa. Tena harufu nyingine ni dalili ya hatari kwa afya ya watu, nasi tutazieleza mbele. Kwa hiyo yafaa kila mwenye gari, dereva na mfugaji ajue jambo hili vizuri.

HARUFU NI NINI?

Harufu haitoki hewani bure. Kila kitu kinachonuka kinatoa chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, nazo huruka hewani na kuingia puani mwetu. Palipo na harufu, hapana budi pana kitu kinachoitoa. Hili ndilo fundisho la kwanza, na anayelishika amemaliza nusu ya kazi.

Fundisho la pili ni kwamba joto huzidisha harufu. Jua la Garissa likiwa digrii 35 nje, ndani ya gari lililofungwa madirisha joto laweza kupita digrii 50 kwa muda wa saa moja tu. Joto hilo hurusha chembe za harufu kwa wingi. Tena gari linapokuwa na joto la kadiri, na unyevu upo ndani yake, vijidudu vinavyoozesha vitu huzaana kwa haraka. Ndiyo sababu gari lisilonuka alfajiri hunuka sana saa nane mchana.

Kutokana na mafundisho haya mawili utaona kwa nini manukato hayafai kuwa dawa. Wengi hununua chupa ya marashi au kipande cha kuning'iniza kwenye kioo. Wengine hufukiza ubani na uunsi. Vitu hivi ni vizuri mahali pake, na nchi yetu ya kaskazini mashariki ina sifa ya kutoa ubani na manemane. Lakini haviondoi kile kinachonuka. Huongeza harufu ya pili juu ya ile ya kwanza, na baada ya siku mbili mwenye gari hubaki na zote mbili.

TAFUTA MAHALI INAPOTOKA

Kabla ya kununua dawa yo yote, tafuta chanzo. Fanya hivi:

1. Toa kila kitu ndani ya gari: mikeka ya miguuni, magunia, vyombo, gurudumu la akiba na jeki.

2. Fagia, au tumia mashine ya kunyonya vumbi kama ipo. Mavi ya mbuzi yaliyokauka, unga, nywele na majani ya miraa hujificha katika reli za viti na pembeni mwa zulia.

3. Funga madirisha yote, acha gari juani kwa muda wa saa moja, kisha fungua mlango mmoja mmoja na kunusa. Mtoto au mnyama asikae ndani kabisa wakati huu, maana joto hilo huua.

4. Bonyeza zulia kwa karatasi laini au kitambaa cheupe kikavu. Kikitoka na unyevu au rangi, umepata mahali pake. Inua zulia utazame chini, kwa sababu chini yake mna tabaka nene lenye kunywa maji, na hapo ndipo uozo hukaa miezi mingi bila kuonekana.

5. Usisahau mishipi ya viti, mahali pa gurudumu la akiba, na dari.

UCHACHU NA MAGADI

Sasa tuingie darasani kidogo. Vitu vinavyonuka katika magari yetu ni vya namna mbili zilizo muhimu. Namna ya kwanza ni vitu vyenye uchachu, yaani asidi. Maziwa yaliyoharibika ni ya namna hii. Namna ya pili ni vitu vya jamii ya magadi, vilivyo kinyume cha asidi. Mkojo uliokaa na samaki aliyeoza ni wa namna hii.

Asidi na magadi zikikutana huuana. Jambo hili mnalijua tayari, ingawa huenda hamjui kwamba mnalijua. Kwa nini watu humkamulia samaki ndimu? Kwa sababu shombo ya samaki ni ya jamii ya magadi, na uchachu wa ndimu huifunga isiruke tena. Basi kanuni ni hii: harufu ya uchachu iondoe kwa bikaboneti, ile soda ya kuokea mandazi na keki, harufu ya mkojo na samaki iondoe kwa siki au maji ya ndimu.

Lakini usizichanganye siki na bikaboneti pamoja katika ndoo moja. Utaona povu jingi na kufurahi, kumbe zimekwisha kuuana zenyewe, na ulichobaki nacho ni maji ya chumvi tu.

MAZIWA

Hii ndiyo harufu sugu kuliko zote, na ndiyo iliyoenea zaidi kwetu. Maziwa yakimwagika, vijidudu hula sukari yake na kutoa uchachu. Kisha mafuta ya maziwa huvunjika, na hapo hutoka asidi iitwayo butiriki, yenye harufu kama ya matapishi. Maji peke yake hayaiondoi, kwa kuwa mafuta na maji havipatani.

Yakimwagika sasa hivi, usingoje kufika nyumbani. Simamisha gari na uyakaushe kwa vitambaa vikavu kwa kubonyeza, si kwa kusugua. Kusugua huyasukuma ndani zaidi. Kisha mwaga maji kidogo ya baridi na ukaushe tena. Usitumie maji ya moto, maana huyagandisha maziwa katika nyuzi za zulia kama yai linavyoganda sufuriani.

Kama yamekwisha kukaa siku nyingi, fuata njia hii:

1. Chukua sabuni ya unga ya kufulia yenye vimeng'enya. Tazama maandiko ya pakiti. Vimeng'enya ni vitu vinavyovunjavunja mafuta na utomvu wa maziwa, kama vile tumbo livunjavyo chakula. Koroga kijiko kimoja cha mezani katika lita moja ya maji yenye uvuguvugu. Maji ya moto sana huharibu vimeng'enya.

2. Lowesha mahali palipochafuka mpaka maji yafike pale maziwa yalipofika. Kama maziwa yaliingia katika sponji ya kiti, kupangusa juu juu ni kazi bure.

3. Funika kwa kitambaa chenye maji pasikauke, ngoja saa moja au mbili.

4. Suuza kwa maji safi kidogo kidogo, ukikausha kwa vitambaa, mpaka povu liishe.

5. Acha milango wazi juani mpaka pakauke kabisa. Halafu nyunyiza bikaboneti kavu, iache usiku kucha, na asubuhi uifagie.

Huenda ikabidi kurudia mara mbili au tatu. Usikate tamaa mara ya kwanza. Kama tabaka la chini ya zulia limeoza kabisa, likate ulitupe, uweke jipya. Ni gharama ndogo kuliko kupoteza wateja.

MKOJO NA MAVI YA WANYAMA

Soko la mifugo la Garissa ni mojawapo ya masoko makubwa ya mifugo katika Afrika ya Mashariki, na si kila mwenye mbuzi wawili ana lori. Wengi huwaweka nyuma ya gari dogo. Mkojo mpya haunuki sana. Ukikaa, vijidudu huugeuza ukatoa hewa kali ya amonia, ile inayochoma macho na pua.

Ondoa mavi kwanza kwa mkono wenye glavu. Osha kwa sabuni na maji, suuza, ukaushe. Kisha changanya kikombe kimoja cha siki nyeupe na vikombe viwili vya maji, upake au kunyunyizia mahali hapo, uache nusu saa, na ukaushe. Jaribu kwanza mahali pa siri uone kama rangi ya kitambaa haitoki. Siki yenyewe hunuka, lakini harufu yake huondoka inapokauka.

Beberu ana jambo lake. Harufu yake si ya mkojo tu bali ni ya asidi za mafuta zilizo katika ngozi na manyoya yake. Asidi hizo wataalamu wamezipa majina yatokanayo na neno la Kilatini lenye maana ya mbuzi. Kwa kuwa ni mafuta, siki haitoshi. Hapo sabuni ndiyo ianze, kisha bikaboneti.

SAMAKI NA NYAMA

Maji ya samaki wa Mto Tana yakidondoka garini, osha kwa sabuni, kisha tumia siki au ndimu kama tulivyoeleza. Damu ya nyama ioshwe kwa maji ya baridi yenye chumvi kidogo kabla ya sabuni. Hapa pia maji ya moto ni adui.

MAJI YA MAFURIKO NA UKUNGU

Sisi tunaolia ukame tumejua mafuriko pia. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998, na zile za mwisho wa mwaka 2023 na za mwaka 2024, zilijaza Mto Tana na kukata barabara ya kwenda Nairobi. Gari lililoingiwa na maji ya mto limeingiwa na matope, mavi na mizoga.

Gari la namna hii lisifungwe hata siku moja. Toa viti na zulia lote vioshwe nje kwa sabuni. Lakini tahadhari: magari ya siku hizi yana nyaya za mifuko ya hewa ya kinga chini ya viti. Mwite fundi, naye atoe betri kwanza. Zulia na viti vianikwe juani pande zote mbili. Jua letu, ambalo siku nyingine hutusumbua, hapa ni msaidizi asiyelipwa, kwa kuwa hukausha kwa siku moja au mbili kile ambacho mahali pengine hukauka kwa juma zima. Usirudishe zulia mpaka bati la chini liwe kavu. Ukungu ukionekana, mweupe au mweusi, upanguse kwa sabuni na siki, hali umefunika pua na mdomo.

PETROLI NA DIZELI

Petroli huruka yenyewe; dizeli haina haraka, hukaa. Mimina mchanga mkavu au unga wa mbao juu yake, uache unywe mafuta, uzoe, urudie. Kisha osha kwa sabuni ya kuoshea vyombo, kwa kuwa imetengenezwa kushika mafuta. Acha milango wazi. Pasiwe na moto, sigara wala kibiriti karibu, maana mvuke wa petroli ndani ya gari lililofungwa hulipuka. Tena maziwa na mafuta yasisafiri pamoja kamwe, hata kama mitungi yote imefungwa kwa nguvu. Mtungi uliowahi kuwa na mafuta usitiwe maziwa hata ukioshwa mara kumi.

SIGARA NA HEWA BARIDI

Moshi wa tumbaku huacha utando wa njano juu ya vioo, dari na viti. Pangusa vioo na plastiki kwa maji ya sabuni, halafu kwa siki iliyopunguzwa maji. Dari ipanguswe kwa kitambaa kilichokamuliwa vizuri. Ukiilowesha, gundi yake huachia na dari huanguka.

Kama harufu hutoka pale tu unapofungua hewa baridi, chanzo kiko katika mtambo wenyewe. Magari mengi yana chujio la hewa nyuma ya kisanduku kilicho mbele ya abiria. Kwa vumbi letu hujaa upesi. Litoe ulitazame, na likiwa jeusi libadilishe. Tazama pia kama maji yanadondoka chini ya gari mtambo ukifanya kazi. Yasipodondoka, bomba limezibwa na vumbi, na maji yanakaa ndani yakiota ukungu. Ni tabia njema kuzima ubaridi dakika chache kabla ya kufika, ukaacha feni tu ivume ikaushe mtambo.

MAMBO YA HATARI

Soma sehemu hii mara mbili, umsomee na asiyejua kusoma.

Kwanza, dawa ya kupausha nguo, kama Jik, isichanganywe na siki wala ndimu. Hutoa hewa ya klorini iliyo sumu. Wala usiimwage juu ya mkojo wa mbuzi, kwa sababu ikikutana na amonia hutoa sumu nyingine inayochoma mapafu. Ndani ya gari dogo sumu hiyo haina pa kwenda ila kifuani mwako.

Pili, mkaa. Mkaa usiowashwa, uliowekwa katika chombo wazi, hupunguza harufu kidogo. Mkaa unaowaka hauingii garini kabisa, hata ikiwa ni chetezo cha ubani. Huchoma viti, na hutoa hewa ya kaboni monoksidi ambayo haina harufu wala rangi, nayo huua mtu akiwa amelala.

Tatu, harufu ya moshi wa injini. Ukiinusa ndani ya gari linapokwenda, si ya kuoshwa. Bomba la ekzosi limetoboka, au mnakwenda na mlango wa nyuma wazi nao unavuta moshi ndani. Moshi huo una kaboni monoksidi ile ile. Abiria wakiumwa kichwa na kusinzia, simamisha gari, fungua milango yote, watoke nje, na fundi alitazame gari kabla ya safari nyingine.

Nne, mnyama aliyetupa mimba. Homa ya Bonde la Ufa ilitupiga katika miaka ya 1997 na 1998, kisha mwishoni mwa mwaka 2006 na mwanzoni mwa 2007, ambapo zaidi ya watu 150 walikufa katika Kenya. Damu na maji ya mnyama mgonjwa huambukiza watu. Ugonjwa wa brusela nao huenea kwa njia hiyo hiyo. Kama gari limechafuka kwa namna hii, usilioshe kwa mikono mitupu. Vaa glavu na viatu vya mpira, funika pua na mdomo, usirushe maji kwa nguvu yakatapakaa. Osha kwa sabuni, suuza vizuri, ndipo upake dawa ya kuua vijidudu. Na umpashe habari bwana mifugo siku hiyo hiyo, maana mnyama mmoja kutupa mimba huenda likawa neno dogo, lakini wengi wakitupa ni ishara ya ugonjwa.

KUZUIA NI RAHISI KULIKO KUTIBU

Wazee wamesema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Haya ndiyo mambo ya kuziba ufa:

1. Tandika turubai zima, lisilo na tundu, lenye kingo zilizoinuliwa, kabla ya kupakia mnyama au maziwa. Baada ya safari litoe, lioshe, lianike.

2. Tumia vyombo vya maziwa vyenye mfuniko unaokaza, vya aluminiamu au chuma kisichoshika kutu ikiwezekana. Plastiki hukwaruzika, na katika mikwaruzo maziwa ya jana hukaa. Visimamishe wima na kuvifunga kwa kamba visianguke barabara inapokuwa mbaya.

3. Usipakie maziwa pamoja na mifugo, mafuta, samaki au vitunguu. Kama gari ni moja tu, maziwa yatangulie, na mifugo ifuate katika safari ya pili.

4. Safisha gari siku ile ile. Kilichomwagika leo huondoka kwa kitambaa na maji. Kikilala juma zima kitataka siku nzima na fedha.

5. Likiegeshwa kivulini mahali pa usalama, acha vioo wazi kidogo hewa ipite.

Kila kitu tulichokitaja, yaani sabuni, siki, bikaboneti, vitambaa na turubai, chapatikana katika maduka ya Garissa, nacho hakizidi thamani ya mtungi mmoja wa maziwa uliokataliwa sokoni. Akina mama wanaouza maziwa wana haki ya kumwuliza dereva kabla ya kupakia: jana ulibeba nini, na umeosha kwa nini? Dereva mwema hatakasirika kuulizwa. Atafungua mlango wa nyuma na kusema, tazama mwenyewe, mama, na unuse.